Mazoezi ya Bibi wa Ghorofa ya Tatu

Kila asubuhi, kabla jua halijaamua kama litoke au lilale tena, Sindano alikuwa ameshashuka ngazi na ndoo yake. Bomba la maji lilikuwa chini uani, nao walikaa ghorofa ya tatu. Maji hayakuwa na miguu, kwa hiyo miguu ilikuwa ya Sindano. Alipanda ameinamia upande mmoja, maji yakimrukia gotini, macho bado yamejaa usingizi. Akifika juu aliyamimina ndani ya pipa, akashuka tena. Wakati anavaa sare ya shule, tayari mwili ulikuwa hoi.

Jina hilo la Sindano halikuwa la shuleni. Alipewa na bibi yake, mzaa baba, kwa sababu alikuwa mwembamba na maneno yake yalichoma. Likamganda. Tatizo lake lilikuwa moja tu: Bibi akimwita "Sindano!" kwenye foleni ya hospitali, watoto wa watu walianza kulia na kujificha nyuma ya mama zao.

Na hospitali walikwenda sana, maana Bibi alikuwa mgonjwa wa mapafu. Tangu ujana wake alikuwa fundi wa magodoro na mito. Miaka nenda, miaka rudi, alikaa katika chumba kisicho na dirisha la maana, akichambua pamba na sufi, akizipiga kwa fimbo zipate kufumuka, kisha akizishindilia ndani ya vitambaa na kushona. Vumbi lilielea mle ndani mchana kutwa, naye akilivuta bila kujua linakwenda kukaa wapi. Kumbe lilikuwa linakwenda kukaa kifuani. Sasa kifua kilibana, kikohozi hakikumwachia, na hatua chache tu zilimwacha akihema. Daktari aliwaambia wazi kwamba mapafu yale hayatarudi kuwa mapya.

Basi nyumbani mapenzi yao yote yakawa ni kumzuia asisogee. "Usiinuke, Bibi!" ndiyo ilikuwa salamu ya nyumba. Akitaka maji, analetewa. Akitaka shali, anafunikwa. Na kwa kuwa ilikuwa nyumba ya fundi wa mito, mito haikukosekana. Kulikuwa na mto wa mgongoni, wa kila ubavu, wa shingoni na wa magotini. Bibi alizama humo kuanzia asubuhi hadi jioni, mabega yamekunjamana, kidevu kimelala kifuani. Kila alipokohoa, Sindano aliongeza mto mwingine. Masikini, wote walidhani wanamtunza.

Siku moja Bibi alitoka kliniki, akafika chini ya jengo, akashindwa kupanda. Alikaa kwenye ngazi ya kwanza, akajaribu, akakaa tena. Mwishowe majirani wawili wenye nguvu walimkalisha kwenye kiti cha mbao, wakambeba juujuu mpaka mlangoni.

"Leo nimepandishwa kama kabati," Bibi alisema alipopata pumzi. Alisema kwa utani, lakini Sindano aliona machozi yanamlengalenga.

Habari zilimfikia Shangazi, binti mkubwa wa Bibi, aliyekaa mji mwingine. Jumapili iliyofuata alikuwa amesimama sebuleni, mkoba bado mkononi.

"Mama, mimi nakuchukua," alisema hata kabla hajapewa kiti. "Kwangu hakuna ngazi hata moja. Hapa siku moja utatuzimikia njiani."

"Kwako nitakaa na nani?" Bibi aliuliza kutoka ndani ya mito yake. "Wewe na mumeo mnashinda kazini, watoto wako bweni. Niongee na jokofu?"

"Wifi," Mama aliingilia kwa upole, "daktari ametuandikia mazoezi ya kifua pale hospitali. Tupe nafasi amalize."

"Mazoezi! Mtu hana pumzi ya kupigia chafya, nyinyi mnampeleka mazoezini?"

Walibishana mpaka chai ikapoa. Mwishowe Shangazi alikata kauli. "Haya. Mazoezi yakiisha, nakuja. Akipanda ngazi hizi kwa miguu yake mwenyewe, mimi nafunga mdomo. Asipopanda, nafunga nguo zake."

Sindano alikuwa jikoni akiosha vikombe, na kila neno lilimfikia. Baba yake alikuwa dereva wa lori, na nyumbani alionekana kwa kudra. Mama alishinda amesimama kwenye pasi katika kiwanda cha kufulia nguo, akirudi giza linaingia. Mtu aliyekuwapo nyumbani Sindano anapotoka shule, aliyesikiliza ugomvi wake na walimu na kucheka pale pa kucheka, alikuwa Bibi. Bibi akiondoka, angebaki na kuta.

Chumba cha mazoezi cha hospitali kilikuwa ghorofa ya chini, chenye viti vigumu ukutani na kioo kikubwa. Mtaalamu wa pale alikuwa bwana mrefu aliyekondeana, na wagonjwa walimwita Bwana Nyoosha, kwa sababu neno hilo halikumkauka mdomoni. "Nyoosha mgongo! Nyoosha shingo! Nyoosha mkono!" Mwenyewe alikuwa ametembea wodi nzima tangu alfajiri, na akikaa, alikaa kama mtu anayetua mzigo.

Alimkalisha Bibi kwenye kiti kigumu. Alimfundisha kuweka mikono nyuma ya shingo na kufungua viwiko, kugeuka polepole kulia na kushoto, kuinama ubavu mmoja kisha mwingine. Alimpa mpini wa ufagio aushike kwa mikono miwili. Akiuinua, avute pumzi kwa pua. Akiushusha, aipulize taratibu kwa midomo iliyobanwa, kama anayepoza chai.

"Kifua chako kimekaza, Bibi," alimweleza. "Mbavu zimezoea kukunjwa, hazifunguki tena. Hewa itaingilia wapi? Mapafu siwezi kukupa mapya. Lakini mbavu tunaweza kuzilegeza, na miguu tunaweza kuitia nguvu, ili pumzi kidogo uliyonayo ikufikishe mbali zaidi."

"Nikihema je, mwanangu?"

"Kuhema kidogo ndiyo kazi yenyewe, usikuogope. Ukiweza kusema neno huku unahema, uko salama. Ukishindwa hata kusema neno moja, simama, pumzika. Na ile mito nyumbani iondoke yote. Inakukunja, halafu inatoa vumbi."

Bibi alikasirika. "Mito yangu mimi? Haitoi vumbi hata chembe!"

"Mito yako ni mizuri, Bibi. Kifua chako ndicho kisichoitaka." Kisha akageuka. "Nyumbani atakusimamia nani?"

Mama akamtazama Sindano. Bibi akamtazama Sindano. Sindano akatazama viatu vyake.

"Haya, binti," Bwana Nyoosha alisema. "Kila mkija, utaniambia mmefikia wapi, na mimi nitapandisha mazoezi kwa kufuata maneno yako. Mimi nyumbani kwenu sifiki. Wewe ndiye macho yangu."

Mwanzoni walijitahidi. Sindano alirudi shule, akatupa mkoba, akachukua mpini wa ufagio. Mito waliipeleka chumbani. Bibi aliinua, akashusha, akapuliza, akakohoa, akalalamika. Walitembea ukumbini, mlango hadi mlango, Bibi ameshika ukuta.

Lakini kazi ya namna ile haina shangwe. Leo ni sawa na jana, na jana hukuona tofauti yoyote. Sindano alikuwa ameshabeba maji, ameshakaa darasani, ameshaosha vyombo, na sasa alitakiwa amtie moyo mtu mzima anayenuna. Bibi naye alisema mwili unamuuma mahali ambapo hakujua kuwa anapo. Mto mmoja ukarudi kitini, "wa mgongo tu." Kesho yake ukafuata wa ubavuni.

Na shuleni kulikuwa na vishawishi. Rafiki yake wa dawati moja, ambaye wote walimwita Nahodha kwa sababu aliongoza timu ya mpira wa pete, alimvaa wakati wa mapumziko.

"Kila siku Bibi, Bibi! Mechi imekaribia na hatuna mlinzi. Wewe una mikono mirefu, unatuangusha tu."

"Bibi yangu ana mazoezi."

"Kwani akikosa siku moja atakufa?"

Sindano alimwambia achunge mdomo wake. Lakini jioni hiyo alipofika nyumbani akiwa amechoka chakari, alimkuta Bibi amezama ndani ya mito yote, macho yamefumba.

"Leo kifua kizito, mjukuu wangu," Bibi alisema. "Tuache tu."

"Na Mama akiuliza?"

Bibi alifumbua jicho moja. "Tutasema tumefanya. Nani katuona?"

Wakatazamana. Wakacheka kidogo, kicheko cha watu waliochoka waliopata likizo. Sindano alitimua mbio kurudi uwanja wa shule.

Mama aliporudi, kabla hata hajavua viatu, aliuliza, "Mmefanya?"

"Tumefanya, Mama."

Uso wa Mama ulifunguka. Ulikuwa uso wa uchovu, wenye jasho la mvuke wa pasi, na neno lile moja liliupumzisha. Sindano aliona jinsi uongo ulivyofanya kazi nzuri, na hapo ndipo mambo yalipoanza kwenda mrama. Siku iliyofuata ulikuwa rahisi zaidi. Siku ya baada yake haukuhitaji hata kufikiriwa.

Kliniki ilipofika, Mama alikuwa kazini, wakaenda wawili.

"Vipi nyumbani?" Bwana Nyoosha aliuliza.

"Vizuri. Kila siku."

"Mpini unafika wapi?"

"Juu ya kichwa kabisa," Sindano alisema bila kupepesa macho. Bibi alikuwa ghafla amevutiwa sana na dirisha.

"Safi sana!" Bwana Nyoosha akaongeza mazoezi. Safari iliyofuata Sindano alitia chumvi zaidi: Bibi anatembea ukumbi mzima, anakwenda na kurudi, haombi hata kupumzika. Mtaalamu alifurahi, akapiga makofi. "Kwa hali hiyo, leo hatutakaa chini. Leo tunajaribu ngazi."

Sindano alimtazama Bibi. Bibi alimtazama Sindano. Huo ulikuwa wakati wa kusema, na neno lilikuwa pale pale ulimini. Lakini Bwana Nyoosha alikuwa anatabasamu, na Bibi alikuwa na kiburi chake cha ufundi. Akainuka na kusema, "Twende, mwanangu." Wakaenda.

Ngazi za hospitali zilikuwa pana, zenye chuma cha kushikilia. "Vuta pumzi ukiwa umesimama," Bwana Nyoosha alielekeza. "Puliza unapopanda." Bibi alipanda ngazi ya kwanza, ya pili. Alipanda nyingine. Kisha mkono wake ukakaza kwenye kile chuma mpaka mishipa ikatokeza. Kifua kilianza kurukaruka juu juu, bila kupata kitu. Macho yakamtoka. Midomo ikapoteza rangi.

"Bibi, sema neno," mtaalamu alimwambia. "Neno lolote."

Bibi alifungua mdomo, hakikutoka kitu.

Bwana Nyoosha alimshika mara moja, akamkalisha, akamwinamisha mbele viwiko vikiwa magotini. Alimwita muuguzi, akaja mbio na kifaa cha kubana kidole, cha kupimia hewa mwilini, na dawa ya Bibi ya kuvuta. "Usivute kwa nguvu, Bibi. Puliza. Puliza tu, taratibu. Niko hapa." Sauti yake haikupanda hata kidogo, lakini jasho lilikuwa linamtiririka. Sindano alisimama chini ya ngazi, akimtazama bibi yake akipigania kitu ambacho watu wote wa pale ukumbini walikuwa nacho bure.

"Hatukufanya!" alipiga kelele. "Mazoezi hatukufanya! Nilikudanganya!" Akaangua kilio.

Mtaalamu na muuguzi walibaki na Bibi mpaka rangi iliporudi midomoni mwake na pumzi zikaanza kushuka. Hapo ndipo Bwana Nyoosha alipokaa kwenye ngazi, chini kabisa, kama mtu aliyekatwa miguu.

"Unajua kwa nini nilimpandisha leo?" aliuliza. Hakuwa na hasira. Alikuwa amechoka, na hilo lilikuwa baya zaidi. "Kwa neno lako. Uliniambia anatembea ukumbi mzima. Ungeniambia, 'Hatufanyi, tumechoka,' nisingekugombeza. Ningepunguza. Uchovu tunaujua hapa, kila mtu anakuja nao. Uongo nitautibu vipi na wakati sijui kama upo?"

"Usimgombeze peke yake," Bibi alisema kwa sauti iliyokwaruza, neno moja moja. "Njama tulikula wawili. Na mkubwa ni mimi."

"Nawagomba wote wawili, Bibi," alisema. "Na mimi pia najigomba. Nilipaswa kukujaribu hapa chini kwanza, kwa macho yangu. Mwaka huu wagonjwa ni wengi, nikaona nipate njia ya mkato." Akajipangusa uso. "Tunaanza upya. Kutoka kitini."

Kumwambia Mama kulikuwa kugumu kuliko vyote. Sindano alimngoja mlangoni ili asije akapoteza ujasiri. Mama alisikiliza yote akiwa amesimama, mkoba begani. Kisha akakaa kitandani na viatu vyake.

"Nashinda kwenye pasi miguu imevimba," alisema, "na najiambia, angalau nyumbani mambo yanakwenda. Kumbe nilikuwa najipoza kwa hewa." Hakumpiga, wala hakupaza sauti. Sindano alitamani angepigwa.

"Nilikuwa nachoka, Mama."

Mama alimtazama kwa muda mrefu, akiiona mikono ile myembamba na alama ya mpini wa ndoo. "Najua," alisema polepole. "Nami nilikuachia mzigo wote bila kuuliza kama unabebeka. Asubuhi nitafanya naye mimi kabla sijatoka. Jioni ni wewe. Siku ya mpira wako, nenda, nitafanya mimi nikirudi. Lakini usinidanganye tena, mwanangu. Siku mkishindwa, niambie mmeshindwa."

Wakaanza upya. Mito ikaondoka sebuleni, safari hii kwa jumla, na Bibi akalalamika kama aliyenyang'anywa shamba. Jambo gumu kuliko mazoezi lilikuwa kuacha kumtumikia. Bwana Nyoosha alisema kila anachoweza kujifanyia, ajifanyie, maana kuinuka kwenda kuchukua kikombe nako ni mazoezi. Sindano alikaa juu ya mikono yake ili asiruke kumletea.

Jirani wa mlango wa pili aliingia siku moja akamkuta Bibi anajikokota kwenda jikoni, mjukuu amekaa anamtazama. "Haya makubwa!" alisema. "Mtoto wa siku hizi ana roho ngumu! Mzee anajichotea maji, yeye katulia!"

Sindano alikuwa na jibu la kuchoma, akalizuia.

"Mwache, jirani," Bibi alisema kutoka jikoni, akapuliza kwanza ndipo akaendelea. "Nimekatazwa kubembelezwa. Mimi siku hizi ni mwanafunzi."

Mpini wa ufagio ndio uliomshinda Bibi. Aliuchukia waziwazi, akamwambia hata Bwana Nyoosha. Mtaalamu akamwuliza zamani alikuwa akishona vipi magodoro. Bibi akaonyesha: akachoma sindano ndefu ya kuigiza kwenye godoro lisilokuwapo mapajani mwake, akavuta uzi kwa mkono wote, mbali pembeni mpaka juu ya bega, kifua kikafunguka, macho yakifuata mkono.

"Hivyo hivyo!" Bwana Nyoosha alisema. "Ukivuta uzi, vuta pumzi. Ukirudisha mkono, puliza. Kisha mkono wa pili."

Kuanzia hapo, kila jioni wawili wale walishona godoro la hewa, wamekaa wima wakiangaliana. Bibi alirudiwa na ufundi wake wote. "Mshono wako umepinda," alimwambia Sindano. "Godoro hilo mtu atalala aanguke." Wakicheka, ilibidi waache kwanza, Bibi apulize.

Lakini siku nyingi hazikuwa za kicheko. Kuna siku Bibi alinuna asubuhi hadi jioni. Kuna siku za baridi alipokohoa tu, wakaacha, na Sindano akamwambia Mama, "Leo tumeshindwa." Alisema vivyo hivyo kliniki, na Bwana Nyoosha aliitikia kwa kichwa na kupunguza. Maendeleo yalikuja kwa kunyata. Mwanzo Bibi alifika mlangoni bila kushika ukuta. Baadaye akatoka mpaka kwenye ngazi akachungulia uani. Halafu akashuka mpaka kona ya kwanza na kurudi, akakaa kitini jasho linamtoka, akasema kwamba ujana ni jambo zuri sana na yeye aliutumia vibaya kwa kukaa chini.

Mazoezi ya hospitali yalipomalizika, Shangazi alikuja Jumamosi moja, na gari la mumewe lilikuwa na nafasi iliyoachwa nyuma kwa ajili ya mizigo ya Bibi. Alimkuta mama yake ameshashuka, amekaa kwenye benchi uani, Sindano pembeni, Mama amesimama nyuma yao.

"Umeshuka mwenyewe?" Shangazi aliuliza.

"Kushuka hata jiwe linashuka," Bibi alijibu. "Subiri kupanda."

Shangazi hakucheka. Alimgeukia Sindano. Habari ya hospitali alikuwa ameshapewa na Mama kwa simu, haikufichwa. "Kabla hajatia mguu kwenye ngazi, nataka kujua. Safari hii mmefanya kila siku?"

Jibu zuri lilikuwa jepesi, maneno mawili tu, na Bibi angebaki. Jibu la pili lingeweza kumpakia Bibi kwenye gari lile sasa hivi. Sindano alimtazama Mama. Mama hakumsaidia.

"Hapana, Shangazi," alisema. "Siku nyingi tumefanya. Siku nyingine Bibi alizidiwa na kikohozi tukaacha. Na juzi hatukufanya kwa sababu yangu mimi. Nilisinzia na sare yangu ya shule, nikaamka kumekuwa giza."

Mama alifumba macho. Shangazi alivuta pumzi ndefu. "Sasa mnataka niwaamini vipi?"

"Usituamini," Bibi alisema, akainuka kwenye benchi kwa miguu yake. "Tazama."

Alishika chuma cha ngazi. Alisimama, akavuta pumzi kwa pua, akapuliza na kupanda. Akasimama tena. Hakuharakisha, wala hakumtazama mtu. Majirani walitoka milangoni, wakanyamaza walipoona ni kazi na si tamasha. Kona ya kwanza alipumzika ameegemea ukuta, mikono kiunoni. Akaendelea. Kona ya pili alisimama na hakuondoka.

Muda ulipita. Mabega yalipanda na kushuka. Shangazi alishindwa kuvumilia, akasogea kumkamata mkono. "Basi, Mama, imetosha! Nitawaita watu wakubebe!"

"Shangazi, tafadhali, mwache apulize," Sindano alisema.

"Huoni alivyo? Hata kusema hawezi!"

Sindano aliinama akamtazama Bibi usoni, akaitazama rangi ya midomo. "Bibi, mimi naitwa nani?"

Bibi alipuliza, taratibu, mpaka mwisho. "Msumbufu," alisema.

"Anaweza kusema," Sindano alimwambia Shangazi. "Yuko salama. Tumngoje."

Wakamngoja. Na Bibi, alipomaliza kupuliza, akainua mguu.

Alifika juu akaketi kwenye kiti chake kigumu, mgongo wima, mikono magotini, nguo zimelowa jasho. Hakuna aliyeshangilia, maana wote walikuwa wamechoka kana kwamba walimbeba. Shangazi alikaa sakafuni bila kutandika chochote. Alikuwa analia kimya kimya na kujifuta kwa kiganja.

"Chumba chako kwangu kipo, Mama," alisema hatimaye. "Lakini kitangoja." Kisha akamwita Sindano, akamkalisha karibu. "Sikiliza, mwanangu. Pale chini ungeniambia 'kila siku', nisingekubali, maana hakuna mtu anayefanya jambo gumu kila siku bila kukosa. Ningemchukua mama yangu leo hii, hata angepanda mbio. Lakini ulinieleza ya juzi, na ulijua yanaweza kukugharimu. Hapo nikajua kwamba siku akizidiwa, utanipigia simu, hutanificha. Mtu anayemtunza mgonjwa anaweza kuchoka, anaweza kusinzia, anaweza kukosea. Hayo yote tutasaidiana. Ila ukweli lazima autoe yeye, kwa sababu sisi wengine hatupo."

Sindano aliitikia kwa kichwa.

"Umesema tutasaidiana, wifi," Mama alisema. Alikuwa amejinyoosha kwenye mkeka na macho yake yalikuwa yanafumba yenyewe. "Leo unalala hapa. Basi zamu ya kesho asubuhi ni yako."

"Mimi? Mazoezi hayo siyajui."

"Nitakufundisha," Bibi alisema.

Kesho yake Sindano hakuamka mpaka jua lilipomfikia usoni. Kutoka sebuleni alisikia mtu anahema vibaya sana, pumzi zinakatika. Aliruka kitandani, roho mkononi, akachungulia mlangoni. Bibi alikuwa amekaa wima, mikono nyuma ya shingo, viwiko wazi, ametulia tuli. Aliyekuwa anahema ni Shangazi.